Koti Kambani

Dama ameanika koti.
Majirani wa Muyeye wakiliona kambani,
zito, la kijani, kola imechanika,
wanajua kusi imeingia na mimi naondoka.
Hakuna anayevaa koti Malindi.
Hapa baridi ni leso ya pili
na kikohozi cha kusingizia.

Gongoni wamenipakia magunia mia tano na sitini.
Chumvi bado ina vuguvugu la jua la kaskazi,
na wingu limekaa juu ya Kurawa kama mdai mlangoni.
Turubai lina tundu. Kitsao, utingo wangu,
amelitia kiraka kwa bango la uchaguzi uliopita:
mheshimiwa kalala kifudifudi, meno yote nje,
anaitabasamia chumvi.
"Leo atafanya kazi," Kitsao anasema,
anakaza fundo la tatu.

Darajani Sabaki nilipunguza mwendo.
Si kwa sababu ya askari.
Mto ulikuwa mwekundu, mnene, umebeba
mashamba ya watu nisiowajua,
kibuyu, mguu wa kitanda, mgomba na mkungu wake,
udongo wa bara unakuja kulala baharini.
Na mimi bahari nimeitia maguniani, napanda nayo bara.
Tukapishana pale, mimi na mto,
kama madereva wawili wanaojuana kwa taa tu.
Nikaupigia honi.
Kitsao akaniangalia, asiseme neno.

Mvua ilitushika Kaloleni.
Si rasharasha. Ya kumwaga, ya ndoo,
vifutio vikisema hapana, hapana, hapana,
na barabara ikisema njoo.
Mariakani mizani ikasoma kilo mia nne
ambazo hakuna aliyezipakia.
"Ni mvua hiyo," nikasema.
Karani hakuinua kichwa:
"Mvua haina leseni, mzee. Wewe unayo."
Nikalipia mawingu.

Timboroa, saa tisa usiku.
Ukungu umeketi barabarani kama punda aliyegoma.
Vidole vyangu vimesahau kazi yao.
Kwanza tuliona matawi mabichi yametandazwa lami,
na sote tunajua matawi yanasema nini.
Kisha trela, limelala ubavu,
gurudumu moja bado linazunguka polepole
kama mtu anayeendelea kuongea baada ya wageni kuondoka.
Dereva amekaa kando, mzima, shuka begani,
anatafuna mkate bila kuuonja.
Nikammiminia chai iliyobaki.
Kikombe kiligonga meno yake, ti, ti, ti.
Hakuniuliza jina, wala mimi sikumuuliza alikuwa amebeba nini.

Mawe ya mvua yakaanza kudunda juu ya boneti.
Nikamkumbuka Mapenzi, miaka sita,
aliyenishika suruali mlangoni:
"Baba, baridi inafananaje?"
Nikayakusanya kwa viganja,
nikayatia katika ile chupa ya chai,
nikakaza kifuniko kama mwizi.

Siku tano baadaye, Muyeye.
Jua limechungulia kati ya manyunyu mawili.
Mapenzi kafungua chupa, kaingiza jicho.
Maji tu. Mafunda mawili, na jani moja la chai.
Nilitaka kumweleza: yalikuwa meupe, yalikuwa na sauti,
yaliuma mkononi kama siafu.
Maneno yakanipungukia.
Yeye akaonja. Akafikiri.
"Kumbe baridi ina chumvi," akasema,
akakimbia jikoni mama yake naye aonje.

Nikavitazama viganja vyangu, nyufa zake nyeupe.

Koti limerudi kambani, halitaki kukauka.
Linadondosha maji ya huko
juu ya mchanga wa hapa, tone, tone,
na kuku wa jirani anakuja kuangalia.
Simu inaita. Ni Gongoni.
Kabla ya salamu, nauliza kama wamenunua turubai.